Vidonge Ndani ya Beseni

Kazi ya ndakala haimsubiri mtu anyooshe vidole. Mitumbwi ikifika alfajiri hapa pwani ya ziwa kwetu Kalemie, samaki wale wadogo, wanaoitwa dagaa ng'ambo ya Kigoma, wanamiminwa kwenye mabeseni. Kabla jua halijapanda lazima wawe wamenunuliwa, wameoshwa na kutandazwa mchangani, la sivyo wanaanza kunuka na hasara ni yako. Sasa fikiria mwanamke anayefanya kazi hiyo ilhali mikono yake inakataa kufunguka mpaka karibu saa sita mchana. Huyo ni jirani yangu Mama Adrienne. Ninamsimulia mimi kwa sababu wengine wanaomsimulia wanaharibu.

Alizaliwa Mboko, kaskazini mwa ziwa, akaja huku na mumewe Eugène wakati watu wa kule walipokuwa wanakimbia vita. Eugène akaenda Manono kuchimba madini, na tangu hapo tunachokiona kwake ni salamu. Adrienne akalea watoto kwa ndakala, akawaoza, hakumlilia mtu. Ana maneno machache mno. Mimi nina ya kutosha wawili, ndiyo maana tunaelewana.

Ugonjwa ulianza kwenye vifundo vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja, ukashika vidole, ukateremka miguuni. Asubuhi alikuwa anaamka kama aliyefungwa kamba. Nilikuwa namkuta ameitumbukiza mikono kwenye maji ya moto, midomo ameikaza, na nje wenzake wameshaanza kutandaza. Wengine wakasema amelogwa. Akachanjwa wembe, akafungwa majani, akapakwa mafuta ambayo hata mbuzi angeyakimbia. Vidole vikazidi kupinda. Nilimwonea huruma hadi nikawa nakasirika bila kujua namkasirikia nani.

Mwishowe akaonana na daktari mmoja mzee aliyekuwa hapa zamani. Yule alimwambia huo si uchawi wala uzee, ni ugonjwa wa viungo ambao mwili unajishambulia wenyewe. Dawa kubwa ya ugonjwa huo hapa kwetu leo ipo, kesho haipo, kwa hiyo akamwanzishia nyingine: kidonge kidogo cheupe cha predinisoloni, kila asubuhi akishakula. Alimwonya kuwa dawa hiyo haiponyi, inatuliza moto tu. Akampa kidogo kwa makusudi, maana ikiwa nyingi inakula mifupa na kupandisha sukari. Na alimwambia asije akaiacha kwa kujiamulia. Adrienne akaelewa kwamba akiiacha maumivu yatarudi. Kwamba kuna jambo lingine baya zaidi ya maumivu, ama hakuelezwa ama hakulisikia. Sikuwepo, siwezi kumlaumu mtu.

Haikuchukua siku nyingi nikamwona asubuhi anajifunga kilemba mwenyewe. Nilipiga kelele za furaha mpaka mbwa wa jirani akabweka. Alirudi mchangani pamoja na wenzake, akawa anageuza samaki, anachekecha mchanga, anawahi mvua kama mtu mwingine yeyote. Miaka ikapita hivyo. Usingizi ulirudi, hamu ya kula ikarudi, akapata mwili kidogo, na mashavu yakajaa. Daktari mzee akahamishiwa Kongolo. Adrienne akaendelea kununua kidonge kilekile kwenye farmasi, kwa kiasi kilekile.

Shida yake ilikuwa hayo mashavu. Mjini kwetu kuna wazimu wa vidonge vya kunona. Msichana anataka kuolewa, au mama anataka nguo imkae vizuri sikukuu, basi anakwenda sokoni ananunua deksa na vidonge vingine vya aina hiyo, anameza kama karanga mpaka uso unakuwa duara. Dawa hizo na kile cha Adrienne ni za ukoo mmoja, ila wao wanameza bila kipimo na bila ugonjwa. Binti mmoja wa kwaya katika kanisa la Adrienne alivimba miguu, akalazwa akiwa taabani. Hapo ndipo Mama Laure aliposema imetosha.

Mama Laure ni rais wa wamama wa kanisa hilo, Mama Prezida kama wanavyomwita. Mimi ni Mkatoliki wa Mpala, si mtu wake, lakini nitasema haki. Ni mwanamke wa kazi. Wagonjwa anawatembelea, maiti anawaosha, wafungwa anawapelekea chakula. Kasoro yake ni kwamba akishasema, amesema. Siku ya mkutano aliweka beseni tupu mbele ya wamama wote. Mimi nilikuwa nimekwenda Mpala kwenye msiba wa mjomba, nikakaa huko wiki kadhaa. Kwa hiyo haya yanayofuata nimepewa na waliokuwepo, na Mama Laure mwenyewe hajayapinga.

"Kila mama mwenye kumeza kinini ya kunona," alisema, maana kwetu kidonge chochote ni kinini, "akuje aitupe hapa. Mungu alikuumba na mashavu yako. Inatosha!"

Walikwenda mmoja mmoja, nyuso chini, pakiti zikaanza kulia ndani ya beseni. Kisha macho yakageuka kwa Adrienne. Akabaki amekaa. Sauti moja kutoka nyuma ikauliza: "Na wale wenye bwana yao iko Manono, wanamunonea nani?" Kanisa likapasuka kwa kicheko.

Adrienne alisimama. "Yangu ni ya mikono," alisema.

"Wote wanasema vile," Mama Laure akamjibu, na hata hakusema kwa ubaya. "Mumoja ni ya mugongo, mwingine ni ya hamu ya kula. Adrienne, dada yangu, usituletee aibu."

Mwanamke aliyebishana na vita, na ziwa, na mume asiyerudi, siku ile hakubishana. Jina lake lilikuwa ndiyo mali pekee ambayo hajawahi kuiuza. Akatoa bahasha yake ya farmasi kwenye fundo la kitenge, akaidondosha ndani ya beseni, akarudi kukaa. Alijiambia atavumilia maumivu kama alivyoyavumilia zamani. Nikifikiria hapo mpaka leo damu inanichemka.

Beseni alipewa Syntiche akalimwage chooni. Huyu Syntiche ni binti anayetandaza ndakala pamoja na Adrienne, na alikuwa mchumba wa Rubens, mtoto wa Mama Laure. Mahari ilikuwa imetolewa, harusi iko karibu. Mama Laure alimchagua mwenyewe, akimsifu kila mahali kwamba ni msichana asiye na mambo. Asiye na mambo alifika chooni, akaangalia kushoto na kulia, akatia vidonge vyote kwenye mkoba wake. Alikuwa anameza vya kunona kwa siri tangu mahari ilipotolewa, maana shangazi za Rubens walikuwa wamesema bibi arusi ni mwembamba.

Siku za kwanza Adrienne aliumwa mikono tu, na maumivu hayo alikuwa ameyatarajia. Halafu ukaja uchovu ambao hakuuelewa. Alikuwa anakaa mchangani, ndakala wamemzunguka, anawaangalia tu. Chakula kikamtoka moyoni. Akisimama, dunia inazunguka. Juu ya hayo yote ikaja malaria, kama inavyokuja kwa kila mtu hapa, na asubuhi moja Syntiche akamkuta mlangoni amelala kifudifudi, ametapika. Alimpakia kwenye moto, yaani pikipiki ya abiria, dereva mbele, yeye nyuma, mgonjwa katikati kichwa kimelegea, wakaenda hospitali. Mama Laure alipopata habari alifika mbio na shuka safi na thermos ya uji.

Dokta Ghislain, kijana aliyekuja Kalemie siku za karibuni, alipima damu, akakuta malaria kweli, akampa dawa yake kwa sindano na akamtundikia serumu, yale maji ya mshipani. Homa ikashuka. Kila mtu akashusha pumzi. Lakini asubuhi iliyofuata Adrienne alikuwa hawezi kuinua kichwa. Ngozi imepoa, jasho linamtoka, anaongea na mama yake aliyekufa Mboko. Muuguzi alimpima tansio, yaani presha ya damu, akapima tena mkono wa pili, akaenda kumwita daktari bila kukimbia lakini haraka.

"Malaria iko natoka," Dokta Ghislain alisema, "na yeye iko naenda. Kuna kitu sikioni." Akawageukia wanawake wawili waliosimama huku na huku kwa kitanda. "Mbele ya ugonjwa huu, alikuwa anameza dawa fulani?"

"Hapana, dokta," Mama Laure alijibu. "Hakuna."

Usimchukie haraka. Aliamini kabisa kwamba Adrienne alikuwa anameza vidonge vya kunona na kwamba ametubu, na aibu ya dada yako aliyetubu huitangazi mbele ya mwanamume, tena kijana. Alimfunika kama anavyofunika maiti zake. Kwake huo ulikuwa upendo.

Daktari akauinua mkono wa Adrienne, akautazama. Vifundo vimevimba, vidole vimeegemea upande mmoja. "Na hii vidole? Nani alikuwa anamutibu?"

"Ni kazi ya ndakala, dokta. Na miaka," Mama Laure akasema.

Syntiche alikuwa ameukumbatia mkoba wake kifuani. Ndani yake kulikuwa na bahasha ya Adrienne, imeandikwa jina lake na jinsi ya kumeza, imepungukiwa vidonge alivyokwisha kumeza yeye. Akifungua mkoba, Mama Laure atajua kwamba mkwe asiye na mambo aliiba kwenye beseni la kanisa, na kwamba mashavu yale yaliyosifiwa na shangazi zote ni ya dukani. Harusi itakufa pale pale kitandani. Asipofungua, labda daktari atapata dawa nyingine. Alijiambia hivyo: labda. Binti wa watu alikuwa anaomba Mungu amsemee.

Daktari akauweka mkono wa Adrienne taratibu juu ya shuka. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mtu anamwita. Akageuka aende. Muuguzi alikuwa bado na kipimo cha tansio mkononi, akasema, "Dokta, imeshuka tena."

"Alikuwa anameza!" Syntiche alipiga kelele, wodi nzima ikageuka. "Dokta, alikuwa anameza hii. Kila siku. Aliacha siku ya beseni."

Akaugeuza mkoba, akaumwaga wote kitandani: kitana, simu, mafuta ya midomo, na vidonge vya wamama wa kanisa zima. Akaokota bahasha akampa daktari.

"Umeitoa wapi?" Mama Laure aliuliza, sauti imeshuka.

"Kwenye beseni, mama mukwe. Ulisema nitupe choo. Sikutupa. Niko nameza miye."

Daktari hakungoja wamalizane. Alisoma bahasha, akauliza miaka mingapi, akaambiwa ni mingi, na hapo akaanza kukimbia yeye mwenyewe kuelekea chumba cha dawa, akiita hidrokotizoni, dawa ya sindano ya ukoo uleule. Hidrokotizoni haikuwepo kwenye kabati la wodi. Wakamtuma muuguzi jengo la pili. Mama Laure akabaki amesimama, thermos mkononi. Syntiche amepiga magoti, ameshika miguu ya Adrienne iliyokuwa baridi. Wanawake hawa wawili hawakutazamana. Adrienne aliacha kuongea na mama yake, akanyamaza kabisa, na kunyamaza kule ndiko kulikomtisha Mama Laure kuliko yote aliyoyaona katika nyumba za misiba. Alianza kuomba kwa sauti. Muuguzi akarudi na kichupa. Sindano ikaingia kwenye mshipa, serumu nyingine ikafunguliwa imiminike kwa kasi, wakasubiri.

Kabla ya mchana kuisha tansio ilianza kupanda. Adrienne akafumbua macho, akawatazama wote wawili kwa zamu, akasema ana njaa. Mama Laure alijaribu kumimina uji, ukamwagikia shuka lote.

Ndipo Dokta Ghislain alipowaeleza. Juu ya figo, alisema, kila muntu ana kiwanda kidogo kinachotengeneza dawa kama hii, nayo ndiyo inayomsimamisha akiwa mugonjwa. Ukiileta kutoka nje kila siku kwa miaka, hata kidogo, kiwanda kinalala. Ukiikata ghafla, kiwanda hakijui kwamba kazi imerudi. Malaria ikikuta hivyo, muntu anaanguka. "Mama huyu alipewa dawa yake kwa kipimo kizuri," alisema. "Kosa ni kuikata. Inapunguzwa pole pole, na dokta njo anaipunguza."

Halafu akamuuliza Syntiche anameza tangu lini. "Tangu mahari," Syntiche alisema, macho chini.

"Basi hata wewe usikate leo. Utakuja kwangu, tutaishusha pamoja."

Mama Laure alikuwa anamtazama binti huyo. Syntiche akasema taratibu, "Mama mukwe, kama unataka kunirudisha kwetu, nitaelewa."

"Nyamaza," Mama Laure alisema. "Utakaa hapa na Adrienne, utamulisha, usitoke. Ungenyamaza, leo ningekuwa naosha dada yangu." Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yote ya harusi.

Lakini daktari hakuwa amemaliza. Alikuwa anapanga vile vidonge vilivyomwagika juu ya shuka, pakiti moja baada ya nyingine, deksa, predinisoloni, deksa. "Mama Prezida," alisema, "hizi zingine ni za nani?"

Aliyekuwepo anasema Mama Laure alianza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, huku anashika njia ya mlango.

Hapo ndipo mimi nilipofika. Nilikuwa nimeshuka kwenye boti kutoka Mpala, nikapewa habari bandarini, nikaja na mzigo wangu kichwani. Nilikutana na Mama Laure kwenye geti la hospitali, anatoka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia kwamba amewafanya watu wamcheke mgonjwa ndani ya nyumba ya Mungu. Watu wakasimama kutusikiliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kilemba kimemlegea, na aliponiona ninavuta pumzi akauliza:

"Umemaliza? Sasa weka muzigo wako kwa mulinzi, twende. Wewe unajua kugonga mulango, miye leo naogopa."

Tulikwenda kuwatafuta wale waliotupa vidonge siku ya beseni, kabla hawajaanguka kama Adrienne, na kwanza kwa Mama Claire, muuza maandazi. Mama Laure hakusalimia.

"Claire, kinini yenye ulitupa kwa beseni langu, ulikuwa unaimeza tangu lini?"

Mama Claire alinitazama mimi, akatazama chini. "Mama Prezida, unisamehe."

"Ninakuuliza!"

"Sikuitupa. Nilitia parasetamoli mu karatasi. Yangu iko ndani ya nyumba, niko naimeza mpaka leo."

Nilingoja radi ipige. Mama Laure alifumba macho. "Mungu asifiwe," alisema. "Endelea kumeza."

"Niendelee?"

"Kesho asubuhi uende kwa Dokta Ghislain, njo atakuonyesha namna ya kupunguza. Usiache peke yako. Miye njo nilikuambia uache, na miye njo nakuambia usiache."

Tulipokuwa tunageuka Mama Claire akasema, "Joëlle njo alitupa yake yote. Nilimuona. Na tangu juzi hakuja soko."

Nyumba ya Joëlle iko juu, kwenye kilima, njia yenyewe mawe na mitaro, moto haipandi. Mama Laure ni mwanamke mzito na magoti yake si mazima. Alivua viatu, akavishika mkononi, akaanza kukimbia. Mimi nyuma yake, hasira niliyotoka nayo bandarini sikujua nimeiangusha wapi.

Tulimkuta Joëlle ameegemea ukuta ndani ya nyumba yenye joto, hajala, midomo imekauka, ndoo ya kutapikia pembeni. Alipomwona rais wake mlangoni alijaribu kujivuta asimame, akajitetea haraka: "Mama Prezida, sijameza tena. Nakuapia, tangu siku ile sijaonja hata moja."

Mama Laure aligeuka, akampa mgongo, akachuchumaa. "Panda," alisema. Nikamsaidia Joëlle kumshika mabegani, nikawafunga wote wawili kwa kitenge changu kama mama na mtoto wake, na Mama Prezida akateremka naye kilima kile miguu mitupu, watu wote wakitutazama, mpaka barabarani penye moto.